Barua kwa Shangazi: Ule ugomvi wa runingani umeungwa wapi?

Tangu niwaambie kwamba miaka yangu mingi ya kazi niliila kwenye chumba cha kuhariri picha, Dar es Salaam kwanza halafu Nairobi, barua za vipindi vya uhalisia, vile vya kufuata maisha ya watu kwa kamera, hazikatiki. Mwezi huu nimechagua nne, zote kuhusu wanawake wa runingani. Majina nimeyaacha kama ilivyo desturi yetu hapa.

Shikamoo Shangazi. Binti yangu yuko kidato cha pili. Likizo hii amejifungia na binamu yake wanatazama wale wake wa Nairobi, wakiwamaliza wanahamia kwa kina Zari. Juzi shosti yake hakumwalika kwenye sherehe ya kuzaliwa. Nikamwambia mpigie umuulize kulikoni. Akanijibu: "Mama, wanawake ndivyo tulivyo, hatupendani. Nikimuuliza nitaonekana mshamba." Ana miaka kumi na mitano! Baba yake anataka tusilipie tena king'amuzi. Mimi naona tutakuwa tumekionea. Nifanyeje?
*Mama Binti, Morogoro*

Marahaba, mama. King'amuzi kiacheni. Mkikizima atatazama kwenye simu ya binamu yake chini ya shuka, na huko wewe hutakuwepo.

Bora ukae naye. Lakini usikae kumhubiria, kaa umfundishe kazi ya fundi, maana ugomvi ule una fundi wake.

The Real Housewives of Nairobi ilianza kuonekana Showmax Februari 2023, na mbegu yake si ya hapa. Ya kwanza ilipandwa Orange County, Marekani, mwaka 2006. Ikazaa Atlanta na kwingineko, ikavuka bahari hadi Johannesburg mwaka 2018, kisha Durban, Lagos, ndipo ikafika kwetu. Anayenunua mbegu ya namna hiyo hununua na namna ya kuipanda: wanawake wachache wenye uwezo, karamu, safari ya pamoja, na mwishoni kikao cha kusuluhishwa ambacho kila mtu anajua hakitasuluhisha kitu. Wanaoingia humo wana kazi zao. Susan Kaittany aliingia akiwa na saluni yake, Minne Kariuki ni mwigizaji. Sasa shika saa, wewe na binti yako, mtazame kipindi kimoja tu. Dakika ngapi mwanamke yuko kazini kwake, anapanga bei, anagombana na mwenye nyumba, anahesabu mishahara? Na dakika ngapi yuko mezani anarushiana maneno? Sikupi jibu, hesabuni wenyewe.

Mkishahesabu, mwonyeshe panapoungwa. Nitakueleza kipande kimoja kilichopita mezani kwangu, kipindi chenyewe sikitaji. Chakula cha usiku, wanawake sita, kamera nne, saa tano nzima za kurekodi, na hewani zitakwenda dakika nane. Mwanzoni jenereta limekorofisha, chakula kimechelewa. Mmoja wao, mpole kuliko wote, anapindua macho na kushusha pumzi kwa sababu ana njaa na viatu vinambana. Muda mrefu baadaye, sahani zikiwa zimeshafika, mwenzake anasema, "Mume wangu ananisaidia sana kwenye biashara." Hakuna anayejibu, watu wanakula. Vile vipande viwili vilikuja mezani kwangu vikiwa mbali mbali. Vilipoondoka vilikuwa vimebanana: huyu anamsifu mumewe, yule anapindua macho. Chini yake unatia ngoma moja nzito, halafu kimya cha sekunde mbili. Hakuna neno hata moja la uongo lililosemwa pale. Kesho yake mji mzima unajua kwamba fulani anaionea wivu ndoa ya fulani.

Halafu kuna kile kiti cha pembeni anapokaa mmoja mmoja kusimulia. Mtazamaji anadhani dada anajisemea peke yake. Mbele yake kuna mtayarishaji anauliza, "Ulijisikiaje alipokudharau?" Na mshiriki ameelekezwa aanze jibu kwa kulirudia swali, kwa hiyo atasema, "Aliponidharau nilijisikia vibaya." Swali linakatwa. Neno la mtayarishaji limebaki kinywani mwa mshiriki. Mara nyingi huambiwa pia avae nguo ileile kila anaporudi kwenye kiti hicho, ili alichosema Machi kiweze kushonwa na alichosema Mei.

Binti yako aanze kutafuta mishono. Atazame glasi: juisi imefika nusu, mara imejaa, mara robo. Atazame hereni na nywele. Asikilize hasa sentensi ambayo mwanzo wake anauona mdomo wa msemaji, na mwisho wake anaonyeshwa kisogo, au uso wa mtu mwingine. Hapo ndipo maneno ya siku mbili yanapokutanishwa. Watoto wana macho. Wangu walipolijua hili hawakuacha kutazama, ila walianza kupiga kelele, "Huyo amebandikwa!" hadi ikawa kero nyumbani.

Hofu yako si ya bure. Mwaka 2011 taasisi ya utafiti ya Girl Scouts ya Marekani iliwauliza wasichana zaidi ya 1,100 wa miaka 11 hadi 17. Miongoni mwa wanaotazama vipindi hivi mara kwa mara, 78 katika kila 100 walisema umbea ni sehemu ya kawaida ya urafiki wa wasichana. Kwa wasiovitazama walikuwa 54. Inawezekana runinga imewafundisha, inawezekana wapenda umbea ndio wanaokaa mbele yake, hesabu hiyo haikatizi ubishi. Na hao hao watazamaji walijiona werevu na wacheshi kuliko wenzao, wengi zaidi wakitamani uongozi. Kwa hiyo baba asifikiri binti ameharibika.

Sisi watu wa Tanga tutajifanyaje hatuvijui vijembe? Tumekulia kwenye taarabu. Mwanamke anakwenda kutunza huku kamkazia macho mbaya wake, na kanga aliyojifunga imeshamaliza mazungumzo. Ila kijembe kile alikichagua mwenyewe dukani, akakilipia, akakivaa, na aliyerushiwa alikuwa na nafasi ya kujibu harusi ijayo. Wa runingani kachaguliwa chake na mhariri anayetaka kuwahi basi la mwisho.

Kuhusu kina Zari. Young, Famous & African ilitoka Netflix Machi 2022. Msimu wa pili, 2023, akaletwa Fantana, mwimbaji wa Ghana, na mvutano wake na Zari juu ya Diamond ndio uliotafunwa mitandaoni kwetu kama miwa. Muulize binti swali moja tu mkimaliza: katika watu watatu wa ugomvi ule, nani aliondoka bila kupewa jina baya? Nyamaza, mwache afikiri.

Na shosti apigiwe simu leo hii. Huenda hata sherehe yenyewe haikuwepo.

Wewe Shangazi na wenzako mnapenda kulia. Nani kawashikia panga? Wanasaini, wanalipwa, wanakuwa mastaa, halafu ninyi mnasema wamedhalilishwa. Na wanaotazama ni wanawake wenyewe. Juzi nimemwona yule wa nguo za kijani akimmwagia mwenzake kinywaji, mwingine yule mwenye meno ya dhahabu akamshikilia, na wa tatu, yule mwanamuziki, akacheka tu. Hiyo nayo kafundishwa na nani?
*Mzee wa Ilala*

Kaka, nakushukuru. Umewapanga wote mpaka rangi za nguo, kwa hiyo lile la watazamaji kuwa wanawake tupu tuliache.

La malipo tulizungumze. Mwaka 2022 mshiriki mmoja wa Love Is Blind ya Marekani, Jeremy Hartwell, mwanamume mwenzako, alikwenda mahakamani. Alidai walilipwa dola 1,000 kwa wiki huku wakifanyishwa kazi hadi saa 20 kwa siku, chakula na maji kwa shida, pombe tele. Mwaka 2024 watengenezaji wakakubali kuyamaliza kwa dola milioni 1.4 bila kukiri kosa. Desemba ya mwaka huo huo ofisi moja ya bodi ya mahusiano ya kazi ya Marekani ikafungua malalamiko ikisema washiriki wale ni waajiriwa, na wanastahili haki za waajiriwa. Hayo ni Marekani, kwenye vyama vya wafanyakazi vyenye meno. Huku kwetu nimeona wasichana wanalipwa nauli na kuahidiwa wafuasi wa mtandaoni.

Kuhusu kinywaji kumwagwa: ndiyo, kamwaga mwenyewe. Nani alipanga wale wawili wakae viti vya jirani, nani aliyemnong'oneza mmoja wao asubuhi kwamba mwenzake kamsema vibaya, na nani aliyeagiza glasi zijazwe kabla chakula hakijafika, hivyo hukuonyeshwa. Mwanamume akigombana kwenye vipindi hivi huitwa mkali, mwanamke huitwa kichaa, na muziki unaotiwa chini yake ni wa vichekesho. Huo muziki tulikuwa nao kwenye folda yake kabisa.

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 24, napamba maharusi huku Likoni. Kampuni moja inatafuta wasichana sita wa pwani kwa kipindi cha maisha yetu halisi. Kwenye usaili waliniuliza mara tatu kama nimewahi kugombana na mwanamke mwenzangu juu ya mwanamume. Nikasema sijawahi. Wakauliza, je, ukigombana unakuwaje? Kazi yangu hawakuniuliza sana. Mkataba ni kurasa ishirini na kitu, Kiingereza cha mawakili, wanataka saini Ijumaa. Natamani kwa sababu biashara itajulikana. Mama sijamwambia.
*Mpambaji, Likoni*

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako nikaisoma tena, na swali lao lile la mara tatu ndilo limenikera. Usaili wa vipindi hivi si wa kukujua, ni wa kujaza nafasi. Kuna nafasi ya mkali, ya mtoto wa watu mpole, ya anayelizwa na mapenzi, ya mama mshauri. Aliyekuuliza mara tatu juu ya mume wa mtu alikuwa na nafasi moja mkononi, anatafuta wa kumkabidhi. Nguo zako, brashi zako na ustadi wako wa kuchora hina vitakuwa mapambo nyuma ya nafasi hiyo.

Tuje kwenye mkataba. Sijauona, lakini nimeona wenzake. Tafuta panaposema kampuni inamiliki sura yako, sauti yako na habari za maisha yako milele, ulimwenguni kote, kwa njia zilizopo na zitakazovumbuliwa. Tafuta panaposema unakubali kuonyeshwa kwa namna ambayo huenda isiwe kweli, na kwamba hutadai kuvunjiwa heshima. Watu hulipita hilo mbio kwa sababu limeandikwa kwa lugha ya baridi kabisa. Tafuta faini ya kusimulia yaliyotokea nyuma ya kamera, na faini ya kuondoka kabla ya mwisho. Halafu tafuta kwa tochi panapotaja malipo yako.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na kamishna wake hasinzii. Septemba 2023 aliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Sheria hiyo inamlinda asiyeridhia. Wewe ukishatia saini, umeridhia, na wakili wa upande wa pili atakuwa na karatasi ya kuonyesha.

Sasa la biashara yako, ambalo nadhani hujalikalia chini. Wewe si mpambaji wa vitenge vya maonyesho. Unaingia chumbani kwa bibi harusi wa Kiswahili siku anasingwa, anapigwa hina, nywele wazi, na shangazi zake wamekaa mlangoni. Kwenye sherehe za wanawake huko Mombasa simu hukusanywa getini zikatiwa kwenye mfuko, na anayepiga picha kwa siri hutolewa mbele ya watu. Kamera za kipindi zitataka kuingia mle mle. Usipowaingiza, watakuambia huleti maudhui. Ukiwaingiza, utapamba harusi hiyo, ya pili utasikia wamepata mtu mwingine. Mama zake wale maharusi hawakuchagui kwa sababu unajulikana. Wanakuchagua kwa sababu unaona na husemi. Umaarufu utakuletea wateja wa aina nyingine, wa kutaka kuonekana, na huenda wana pesa zaidi. Hilo ni la kuamua wewe, lakini liamue ukilijua.

Kuna na siku ya pili baada ya kurushwa. Japani alikuwepo msichana mwanamieleka, Hana Kimura, aliyeingia kwenye kipindi cha Terrace House. Mwaka 2020 ikarushwa sehemu anayomkasirikia mwenzake wa kiume kwa sababu vazi lake la mieleka liliharibiwa kwenye kufuliwa. Kosa lake lilikuwa kufoka. Matusi yakamiminika kwenye simu yake usiku na mchana, na Mei ile akajitoa uhai, ana miaka 22. Kipindi kikafutwa. Mama yake hakunyamaza, na mwaka 2022 Japani ikaongeza adhabu ya matusi ya hadharani, mitandaoni yakiwemo, hadi kifungo cha mwaka mmoja. Uingereza nako, baada ya vifo vya watu waliopitia vipindi hivi, msimamizi wa utangazaji, Ofcom, alitunga masharti yaliyoanza Aprili 2021 yanayowataka warushaji wawajali washiriki walio hatarini kuumia. Huku kwetu sharti kama hilo utaliandika mwenyewe kwenye mkataba wako.

Ukienda, basi nenda hivi. Waambie Ijumaa ni karibu mno, unataka wiki mbili. Wakikataa wiki mbili kwa karatasi itakayokushika milele, umeshapata jibu lao. Mpelekee wakili, hata wa msaada wa kisheria, akusomee kwa Kiswahili. Omba yaandikwe haya: malipo kwa kila siku ya kurekodi na si kwa sehemu itakayorushwa, maana unaweza kurekodi mwezi ukatokea mara mbili, jina la biashara yako litajwe, wateja wako wasiingizwe bila saini zao wenyewe, vyumba visivyo na kamera vitajwe kimoja kimoja, na jina la mtu utakayempigia simu matusi yakianza, na kampuni itamlipa kwa muda gani. Pombe usiitie kinywani wakirekodi, hata kama nyumbani unakunywa. Na maikrofoni ya kifuani hukaa wazi hata ukiingia msalani. Sisi tulikuwa tunasikia kila kitu.

Jambo moja dogo la ufundi, hili ni lako bure. Ukiulizwa swali kwenye kile kiti cha pembeni na neno lake hulipendi, usilirudie. Wakisema "alipokudharau", wewe sema "alipochelewa", kama kuchelewa ndiko kulikotokea. Jibu kwa sentensi fupi zilizokamilika. Sentensi fupi ni ngumu kukatwa, mhariri huichukia.

Mama mwambie kabla hujasaini. Miaka 24 huombi ruhusa, najua. Lakini watakuja sebuleni kwake na taa zao, watamuuliza juu ya wanaume wako, naye atajibu kwa uungwana wote, hajui kwamba kikombe cha chai anachowakaribishia kitahaririwa.

Shangazi, nafundisha uraia sekondari. Wanafunzi wangu wameniuliza kama kuna kipindi cha uhalisia cha kwetu ambacho mwanamke anaonekana akifanya kitu zaidi ya kugombana. Nimekwama.
*Mwalimu, Singida*

Hujakwama, mwalimu, umri wao ndio mdogo. Waulize wazazi wao kuhusu Mama Shujaa wa Chakula. Oxfam ililianzisha shindano hilo Tanzania mwaka 2011 kwa ajili ya wakulima wanawake, na 2012 waliofika fainali wakaingizwa kwenye kijiji cha Maisha Plus, kipindi cha Masoud Kipanya, kamera zikiwafuata. Vituko havikukosekana, watu wakiishi pamoja hukosana. Ila walibishana juu ya mbegu, maji, na mwanamke kulima shamba ambalo hati yake ina jina la mume. Mshindi wa 2012 alikuwa Sista Martha Waziri, aliyerudisha uhai kwenye ardhi iliyokwisha kuliwa na mmomonyoko.

Kenya kuna Shamba Shape Up, tangu 2012, wataalamu wanafika kwa familia moja na kuwatengenezea shamba. Mama mwenye nyumba huulizwa kuku wake wanakufa kwa ugonjwa gani, na anajua kujibu. Na msimsahau Madam Rita wa Bongo Star Search, jaji mkuu na mwenye kipindi. Vijana walimwogopa, wengine walimwita mkali kupita kiasi, lakini mkasi ulikuwa mkononi mwake, akiamua mwenyewe nini kiende hewani.

Wakikubishia kwamba mwanamke na jembe hawatazamiki, waambie nyumbani kwangu tuligombania rimoti, mimi na marehemu baba wa wanangu, kila mmoja ana mkulima wake.